Benchi Kwanza

3 Desemba

Shemeji,

Mzima? Mimi mzima, dada mzima, timu ndiyo iko mahututi.

Nimeingia kwa lile neno la siri uliloniachia stendi, nikakuta tuko wa tisa. Wa tisa kati ya timu kumi! Na wa kumi ni yule muuza magodoro, ambaye hajaigusa timu yake tangu raundi ya pili kwa sababu alisahau kwamba anacheza. Yaani katika ligi nzima tunampita mtu asiyejua kama yumo. Kinyozi amebandika msimamo kwenye kioo, juu ya chupa ya spiriti, kwa hiyo kila anayekalia kiti anatusoma sisi kwanza. Juzi ananinyoa huku anacheka, wembe unatetemeka, nikamwambia kaka, nyoa kwanza, utacheka baadaye.

Sasa sikiliza. Mimi hii fantasi, ya kununua wachezaji wa kweli kwenye simu na kuvuna pointi zao, nilikuwa nakuangalia tu ukicheza, lakini tangu uondoke nimeshaangalia video kama ishirini, nimekuwa moto. Nataka kufumua kikosi. Watu wanane nje, wanane ndani! Straika wetu Treni simwelewi, bei yake ni ya straika watatu na wiki iliyopita hakufunga. Profesa pale katikati anacheza kama anatafuta funguo zake. Kuna winga mmoja amefunga matatu Jumamosi, nataka huyo. Niambie ndiyo nibonyeze.

Nyumbani. Dada hajapoa. Siku ile ulivyoondoka alianua shati zako kambani bado mbichi, akazikunja hivyohivyo. Nikamwambia zitanuka. Akasema, "Kwani ni zangu?" Halafu amepiga marufuku jina lako mezani. Nikitaka kukutaja nasema "yule wa timu," hilo bado hajalikataza.

Shemeji, kwenda huko machimboni siko kunakomuuma. Kinachomuuma ni kwamba ulisaini kwanza, ukamwambia begi likiwa limeshafungwa. Wewe uliambiwa usoni, mimi nilisikia kupitia ukutani, kwa hiyo tunajua wote. Mimi nataka mambo mawili tu: timu ipande, na wewe urudi nyumbani. Tukibaki wawili humu ndani tutatoana roho kwa sababu ya rimoti.

Shemeji yako,
Bisibisi

11 Desemba

Bisibisi,

Barua yako imekuja na lori la chakula, chini ya magunia ya viazi. Ndiyo njia pekee. Simu tunaziacha getini, penye baruti haziruhusiwi, na hata zingeruhusiwa bonde hili halina mtandao. Tuna redio moja kantini na mpishi ndiye mwenye kitufe. Akisikia mpira anahamisha.

Kwa hiyo usiniulize umweke nani Jumamosi. Nikikujibu, wewe unasoma wiki inayofuata, na mtu mwenyewe ameshavunjika. Nitakupa kanuni. Kanuni haziharibiki njiani.

Usifumue kikosi! Kila raundi una badiliko moja la bure. Ukizidisha, kila mtu wa ziada unakatwa pointi nne. Watu wanane ni pointi ishirini na nane umezitupa kabla mpira haujapigwa. Utampa muuza magodoro nafasi ya tisa akiwa usingizini.

Usimkimbilie mtu kwa sababu alifunga jana. Pointi za jana wameshazichukua waliokuwa naye jana. Pale kinyozi wote wanaumwa ugonjwa huo. Tazama mbele: mechi tatu zijazo anacheza na nani, nyumbani au ugenini.

Nahodha pointi zake zinahesabiwa mara mbili, kwa hiyo usimweke kwa mapenzi. Treni akiwa nyumbani, ni Treni. Usimuuze Treni.

Benchi weka wa bei ya chini kabisa, hata wasiocheza. Bajeti yote ipeleke mbele. Benchi ni mapambo.

Huku niko kwenye mashine ya kusaga mawe. Inasaga, inakwama, naitengeneza, inakwama upande mwingine. Tunalala sita kwenye kontena moja lenye feni moja, na feni ina rafiki yake, inamwangalia yeye tu.

Dada yako anakula vizuri? Usimwambie nimeuliza.

Shemeji

20 Desemba

Shemeji,

Samahani sana, lakini benchi siyo mapambo.

Nimebuni mbinu! Mimi mwenyewe. Peke yangu, kwa akili yangu. Tega sikio. Watu wote wanaanza na straika mkubwa, wanashuka, wanashuka, wakifika benchi wamebakiwa na makombo, wanaokota watoto ambao hata jezi hawajapewa. Mimi naanza na benchi. Unatafuta wanne wa bei rahisi, timu ndogo, hawana jina, hawana nywele za rangi, lakini kila wiki wanacheza. Kila wiki! Ukishajua nani atasimama mtu akikosa, ndipo unaenda kwa wakubwa na bajeti iliyobaki. Kwa sababu mtu wako asipocheza, wa benchi anaingia mwenyewe na pointi zake unapewa. Lakini akiingia mtoto asiyecheza ni sifuri kwa sifuri.

Sikufumua. Nakwenda kwa badiliko moja moja la bure, raundi kwa raundi. Profesa nimemuuza, tulivyombadilisha na kiungo wa bei nafuu ikabaki bajeti ya kutengeneza benchi. Treni yupo, usipige presha.

Kinyozi aliposikia akazima mashine kabisa, akawaambia wateja, "Njooni mumwone kocha wa benchi!" Muuza magodoro naye akacheka, yule asiyejua kama anacheza! Haya. Jumamosi ikapita. Tuko wa saba. Kinyozi akabandua karatasi ya zamani polepole kama anabandua plasta.

Kazi yangu iko vilevile, meza yangu chini ya ngazi za duka la mapazia, simu zinakuja zimeingia maji, wenyewe wanaapa hazijaingia maji.

Dada anakula. Sijamwambia umeuliza. Yeye hakuulizii, kusema kweli. Ila barua yako ilipofika aliniuliza mbona bahasha ina udongo.

Kocha wa benchi,
Bisibisi

29 Desemba

Bisibisi,

Wewe? Benchi kwanza? Wewe ambaye mvua ya mwaka mzima haijakufundisha kubeba mwavuli? Wewe uliyefungua simu ya mwalimu mkuu vipande vyote, ndipo ukaenda kutafuta mtu mwenye bisibisi ya kuifungia? Jina lako umelipataje, umesahau?

Sawa. Wa saba ni wa saba, sibishani na msimamo. Lakini hiyo video mimi nataka kuiona.

Kuna jambo. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Machi. Msimamizi ameniita ofisini, akanipa kiti, nikajua kuna neno. Anataka nisaini mwaka mwingine. Fomu amenipa, iko chini ya godoro. Sijui nifanye nini. Nikirudi bila kuitwa nitafikia wapi, kwenye kiti cha kinyozi? Na nikisaini ndiyo basi tena, nadhani hilo hata wewe unaliona.

Dada yako usimwambie habari ya fomu. Acha kwanza nijue mwenyewe.

Heri ya mwaka unaokuja. Mpishi ametuahidi kuacha redio kwenye mpira siku moja. Hajasema siku gani.

Shemeji

14 Januari

Shemeji!!

Kaa chini. Kama umekaa, simama, halafu kaa tena.

Wiki iliyopita timu zote kubwa zilicheza katikati ya wiki. Treni alicheza dakika zote na zile za nyongeza. Pale kinyozi wote wakamwachia unahodha, yuko nyumbani, wewe mwenyewe ungemwachia, kanuni yako inasema hivyo. Sisi tukamvua! Tukampa kiungo wetu mmoja ambaye alikuwa hajacheza katikati ya wiki. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo humpi ya tatu, hata kama ndiye bora kuliko wote, atakosea dawa. Pasi. Atakosea pasi. Kocha wake akampumzisha, akaingia dakika za mwisho kabisa akagusa mpira mara moja, tena kwa bahati. Manahodha wa watu wote, hata baada ya kuzidishwa, pointi mbili mbili tu! Wa kwetu akafunga na kutoa pasi ya bao.

Haijaisha. Kukawa na homa kwenye timu moja, wachezaji wetu watatu wote wa timu hiyo wakakosa. Watatu! Zamani tungelia. Benchi likaingia lenyewe, tararaa, mmoja baada ya mwingine, wale wasio na jina. Mmoja kafunga kwa kichwa. Kipa wetu wa akiba hakufungwa. Nilikuwa pale kinyozi, nimesimama juu ya kiti, kinyozi anasema shuka utavunja kiti, namwambia andika kwanza! Andika!

Tuko wa tatu.

Usiniulize nimejifunza wapi. Ni video.

Habari ya fomu sijamwambia dada. Ila siku hizi anafunga kabati za jikoni kwa nguvu sana, sijui bawaba zimefanya nini.

Kocha wa benchi,
Bisibisi

25 Januari

Bisibisi,

Barua yako nimeirudia mara nyingi mpaka mpishi akauliza kama nimefiwa.

Kuna mtu mmoja namfahamu. Ni muuguzi, ndiye anayepanga rosta ya zamu za wodi yake. Anaipangia mezani nyumbani, ameinama hivi, na anaanzia chini ya karatasi, kwa wale wa akiba. Penseli ameichomeka kwenye nywele na anaitafuta chini ya meza. Miaka minne nimekaa upande wa pili wa meza hiyo nikimwambia anaanza kinyumenyume. Akawa ananijibu, "Wewe subiri mtu aumwe."

Sikuulizi kitu. Endelea na video zako. Naomba tu umuulize huyo wa kwenye video mambo mawili.

La kwanza, beki wetu wa kushoto. Redio imesema goti bado. Tumuuze au tumsubiri? Mimi ningemsubiri, lakini mimi ndiye niliyesema benchi ni mapambo.

La pili, fomu bado iko chini ya godoro. Mtu kama huyo wa kwenye video angetaka nikae huku au nirudi?

Na kama barua zote anazisoma, basi amesoma na pale nilipokwambia usimwambie. Hilo siwezi kulifuta, limeshapanda lori.

Shemeji

9 Februari

Shemeji,

Leo sina mbwembwe. Nimeharibu.

Ngoja nianze mwanzo. Ni yeye. Tangu mwanzo ni yeye. Barua yako ya kwanza niliiacha mezani nikaenda kuoga, niliporudi nikakuta pembeni pameandikwa kwa penseli, "Benchi siyo mapambo." Nikamuuliza, dada, unajua mpira? Akasema, "Mpira sijui. Watu wasiokuja kazini nawajua." Tangu hapo kila Ijumaa akitoka wodini anavua viatu, ananiambia lete simu. Mimi kazi yangu kubonyeza. Alinikataza nisikwambie, na wewe ulinikataza nisimwambie, mimi nikawa hapa katikati kama mlango, kila mtu ananifunga kwa upande wake.

Sasa wiki jana tulikuwa wa pili. Wa pili, pointi sita tu nyuma ya kinyozi! Na kinyozi akaanza kunichokonoa. "Kocha wa benchi, huna moyo wa kubadilisha watu watatu. Unaogopa." Mbele ya wateja. Damu ikachemka. Dada yuko zamu, saa ya kufunga mabadiliko inakaribia, nikasema leo namshangaza, atatoka kazini akute tunaongoza ligi. Nikabonyeza. Watatu nje, watatu ndani.

Mmoja wa wapya kapewa kadi nyekundu kabla hata sijamaliza soda yangu. Mmoja hakucheza. Wa tatu alicheza, heri asingecheza. Na nane wakatukata juu yake. Unajua niliyemuuza wa kwanza kabisa ni nani? Beki wa goti. Jumamosi karudi uwanjani, kafunga. Barua yako ya kuuliza kama tumsubiri imefika Jumatatu.

Tumeanguka mpaka wa sita. Lakini hiyo siyo habari. Habari ni hii. Alirudi, akachukua simu, akaangalia.

"Umebadilisha?"

"Watatu tu, dada."

"Nikiwa wapi?"

"Ulikuwa zamu."

"Simu ya wodi huna namba yake?"

"Nilitaka nikushtukize."

Hakupiga kelele, shemeji. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Aliiweka simu mezani, akaisogeza upande wangu kwa kidole kimoja. "Mmefanana," akasema. "Wewe na yeye. Mnafanya, halafu mnaniletea habari kama zawadi."

Tangu siku hiyo timu haitaki kuiona. Na barua yako ya mwisho iko juu ya friji, hajaisoma. Ndiyo ya kwanza asiyoisoma. Swali lako la fomu limo humo na mimi naogopa hata kupita karibu na friji. Nifanye nini?

Bisibisi

18 Februari

Bisibisi,

Nilijua. Tangu uliposema dawa.

Usijilaumu kwa kadi nyekundu. Hiyo haipangwi na mtu. Tatizo ni hayo mengine.

Usimweleze kwa nini ulifanya. Mimi nilieleza, stendi nzima ikasikia, mpaka kondakta akaniunga mkono, na haikusaidia. Fanya hivi. Ijumaa akirudi, fungua simu kwenye kikosi. Usiguse kitu. Iweke mezani upande wake, wewe nenda kaoshe vyombo. Akikuuliza unataka nini, sema, "Sijafanya kitu bado." Ukimaliza kusema, nyamaza. Najua kwako hapo ndipo pagumu.

Kama hakuuliza, osha tena kesho.

Maneno hayo ningeyasema mimi Novemba, saa hizi ningekuwa nakugombania rimoti.

Barua iache pale juu ya friji. Usimsomee, usimsogezee. Msimamizi ameniuliza tena. Nimemwambia bado.

Shemeji

2 Machi

Kwako wewe wa timu,

Mdogo wangu ameosha vyombo siku nne mfululizo na kuvunja bakuli moja. Nikajua kuna mtu amemfundisha.

Barua ya juu ya friji nimeisoma. Hizo nyingine nilishazisoma zilipofika, pamoja na zile sehemu za "usimwambie." Ninakula vizuri, kwa kuwa uliuliza.

Majibu. Beki wa goti alikuwa wa kusubiriwa. Ameshauzwa, basi. La fomu siyo swali la timu, na mimi sitalijibu kupitia timu. Usimtume mtoto aniulize mtu wa kwenye video angetaka nini. Mimi siyo video. Nipo hapa, anwani unayo.

Tumerudi mpaka wa tano. Nimekubali kuendelea, kwa utaratibu. Benchi ni langu. Nahodha tunakubaliana mimi na wewe. Bisibisi atashika simu, maana vidole vyake vina mbio, kichwa ndicho kinachofuata nyuma. Na hakuna badiliko la kufanyika kabla sote hatujaliona. Lori likichelewa, tuchelewe nalo. Afadhali kupoteza raundi.

Habari za kazini. Wiki iliyopita muuguzi wangu mmoja alibadilishana zamu na mwenzake bila kuniambia. Wagonjwa hawakupata shida, mwenzake alikuja, kazi ilikwenda. Nilimwita ofisini hata hivyo. Akasema, sister, mbona hakuna kilichoharibika? Nikamwambia angeniuliza ningekubali. Nilikuwa na sababu zote za kukubali. Lakini nilifika nikakuta imeshafanyika, nikasimama pale na rosta yangu mkononi kama mgeni. Nakuandikia hii kama habari ya wodini.

Shati zako nimezifua upya. Zilikuwa zimeanza kunuka, mtoto alisema kweli.

Dada yake Bisibisi

11 Machi

Dada yake Bisibisi,

Fomu ni hii, nimeikunja ndani ya barua. Haijasainiwa. Angalia pale chini, penye mstari, ni peupe.

Inasema mwaka mmoja, kazi ileile, kontena lilelile. Msimamizi anaitaka kabla Machi haijaisha. Nimemwambia haipo, iko kwa mke wangu, anaiangalia. Akacheka, akawaita na wenzake waje wacheke. Nikawaacha wakacheka.

Nisikutupie mzigo halafu nijifanye mimi ndiye niliyekuuliza kwa adabu. Ninachotaka mimi ni kurudi. Ile gereji ya malori karibu na mzunguko waliwahi kuniambia wanahitaji mtu wa mitambo. Sijawaandikia. Nilishika kalamu kuwaandikia, nikaiweka. Kama unaona nikae huku mwaka mwingine, niambie na sababu, nitaisoma vizuri. Ukiona nirudi, nitapanda lori la viazi.

Ile habari ya wodini nimeielewa. Huyo muuguzi naye nadhani ameelewa, ila wengine tunachukua muda mrefu kidogo.

Timu. Mpaka Machi iishe hakuna mechi, ligi imesimama. Raundi ijayo Treni yuko nyumbani na atakuwa amepumzika. Napendekeza awe nahodha. Napendekeza tu.

Sijafanya kitu bado.

Yule wa timu

20 Machi

Shemeji,

Naandika nimesimama, meza imekaliwa, utaona kwa nini.

Barua yako imekuja leo. Nimempokelea, nimempa, sikufungua! Bahasha nzima, na udongo wake. Kaisoma mlangoni, begi bado begani, viatu vya kazini bado mguuni. Kaisoma, kairudia. Halafu kaifungua ile fomu, kaitazama pale chini kwenye mstari, kaishika karibu na dirisha kama noti anayotaka kujua kama ni halali. Mimi kimya! Shemeji, ungeniona. Nimejifunza kunyamaza, imeniuma mbavu.

Akakaa. Akasema, "Penseli yangu iko wapi?"

"Kichwani, dada."

Akaitoa. Akageuza fomu, upande wa nyuma, akainyoosha kwa kiganja, akaanza kuandika. Nikachungulia. Anaandika kipa wa akiba! Chini kabisa ya karatasi!

"Dada, hiyo ni fomu ya watu!"

"Naona."

"Ina muhuri wa kampuni!"

"Muhuri uko upande ule."

"Sasa akiitaka msimamizi?"

"Ataisoma. Labda na yeye atajifunza."

Akaendelea. Benchi wanne, akawasemea kila mmoja, huyu atacheza, huyu atacheza, huyu mwenzake ana goti kwa hiyo atacheza. Halafu mabeki. Beki wa goti kamrudisha, badiliko letu la bure, kasema tulimkosea, na wewe kura yako ulishaitoa uliposema ungemsubiri. Halafu viungo, halafu Treni. Kapanga mpaka karatasi imejaa. Msimamizi wako fomu yake sasa ina kikosi kamili cha watu kumi na watano, labda umwombe radhi, au usimwombe, maana nadhani huna kazi naye tena.

Mimi nikachukua simu, nikaingiza wote. Ikabaki nahodha. Nikamwambia, dada, kasema Treni, yuko nyumbani, kapumzika, hata zamu mbili hana, nibonyeze?

Akanipokonya simu. Akaiweka katikati ya meza, upande ule ulikokuwa unakaa wewe.

"Huyo ni wa watu wawili," akasema. "Raundi inafunga Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Mwandikie mume wangu aje ambonyeze mwenyewe."

Mume wangu, shemeji! Siyo yule wa timu! Nikamwomba arudie, akanirushia kiatu.

Sasa hivi yuko kambani anaanika. Mpishi mwambie kwaheri. Simu iko palepale mezani, nahodha yuko wazi, na mimi sijagusa kitu.

Bisibisi